Kwa Nini Skripti Yako Ilinyamaza

Lemayian mwanangu,

Baba yako amekupeleka kwa kinyozi, nami nimeachiwa nyumba, begi lako hapo mlangoni, na unga wa chapati nilioahidi kuukanda. Unga utangoja. Jua bado liko juu ya mabati ya jirani na nataka kuandika haya kungali mchana, kwa sababu najijua. Giza likiingia nitalia, nikilia nitaandika mambo ya kilio, na wewe ukiona barua ya kilio utaikunja uiweke ya kusoma siku nyingine.

Sitakuambia unywe maji. Joto la Magadi litakuambia lenyewe, tena kwa ukali kunishinda. Sitakuambia ufue soksi. Nimeimba wimbo huo tangu uanze kuvaa viatu na soksi zimeshinda kesi. Kesho unaenda kazini mwendo wa nusu siku tu, ndani ya kaunti yetu hii hii, na hutaulizwa pasipoti na mtu. Mama Njeri hapo nyuma alisindikiza mtoto wake mpaka uwanja wa ndege, akarudi akakaanga mandazi. Mimi naililia Magadi. Baba yako amenicheka tangu asubuhi: "Sasa Mama Lema, huyu akipelekwa Namanga si utavaa nyeusi?" Mwache acheke. Nimemwona kwa dirisha akizunguka pick-up akipiga tairi mateke, halafu akizunguka tena, na tairi hizo alizinunua juzi.

Ninachotaka kuandika ni jibu la swali lako la Alhamisi.

Nilikuwa nageuza ugali. Ukaja na laptop, ukaisukumia katikati ya sukuma na nyanya zangu, ukasema, "Mum, hii kitu inanistress. Ndani ya website logs zinatoka fiti. Nikirun script pekee yake, wapi. Hakuna error, hakuna kitu. Ni kimya tu."

Baba yako akauliza logs ni mnyama gani. Nikamwambia programu inapofanya kazi huwa inaandika pembeni habari za inachofanya: saa hii nimefungua faili, saa hii nimetuma ujumbe, hapa nimekwama. Akasema, "Kumbe inatoa habari jioni kama mchunga ng'ombe." Nyinyi wawili mkacheka, nami nikakujibu bila hata kugeuka, "Hujaiset. Juu kabisa, kabla ya kitu kingine, iambie iandike wapi na ianzie level gani, habari za kawaida au makosa makubwa tu." Ukaandika mistari miwili, skripti ikaanza kuongea, ukasema, "Aah, kumbe. Thanks mum," ukaondoka na kipande cha nyama ambacho kilikuwa cha baba yako.

Jibu lile lilikuwa sahihi. Lakini nilibaki na mwiko mkononi mpaka ugali ukaanza kunuka moto, kwa sababu ya yale maneno yako: hakuna error, hakuna kitu, ni kimya tu. Kimya hicho kimenipata mara mbili maishani. Mara ya kwanza kilitoka kwa kompyuta. Mara ya pili kilitoka kwako.

Cha kompyuta ulikuwepo, ila ulikuwa mdogo, hata nasari hujaanza. Tulikuwa tumepanga vyumba viwili upande wa chini wa Kitengela. Ukiwaambia watu wa sasa kwamba nyuma ya nyumba zile hakukuwa na flats hata moja, wanakuangalia kama mzee. Kulikuwa na uwanda tu, na asubuhi nyingine tulikuta pundamilia wamesimama kwenye fensi kama majirani waliokuja kuomba chumvi. Mvua ikinyesha ule udongo mweusi ulishika gambuti zako mpaka ukawa unatoka nje mfupi unarudi mrefu. Nilikuwa nakugombeza kwa ajili ya matope. Leo ningetoa hata friji hii nikuone ukiingia nayo tena, ukiacha alama mpaka kitandani.

Nilikuwa nawafanyia kazi wafugaji wa upande wa Bisil, chama chao cha maji, na Babu yako alikuwa mwanachama. Walikuwa na kisima kimoja cha mashine, na kiangazi kikifika kila boma lilikuwa na siku yake ya kunywesha. Nikawatengenezea tovuti ya kupanga zamu. Kisha nikaandika programu ndogo ya pembeni, skripti yangu ya kwanza ya maana, ya kuamka yenyewe kila jioni na kutuma ujumbe kwa simu: kesho ni zamu ya boma la fulani, wengine msiteremshe ng'ombe.

Tovuti ilikuwa ndani ya mfumo mkubwa, zile framework ambazo hata wewe umelelewa nazo. Ndani ya mfumo hujui shida. Ukisema neno, kuna sikio lililokwisha kuwekwa, na hujui hata aliyeliweka. Ukidondosha kijiko jikoni, kuna mtu sebuleni atakayeuliza, "Nini hiyo?" Skripti yangu ilikuwa inaishi nje. Ilitumia amri zile zile za kuandika logi, neno kwa neno, lakini huko nje hakuna aliyeweka sikio. Na Python, lugha niliyoiandikia, haikulalamika, hilo ndilo lililoniuma baadaye. Makosa makubwa iliyatema kwenye skrini, na jioni skrini hiyo haikuwa na mtu mbele yake. Maneno mengine yote, yale ya kawaida, nimeamka, nimetuma, nimemaliza, iliyaacha yaanguke chini.

Mimi kila asubuhi nilifungua logi ya tovuti, nikakosa baya lolote, nikafunga. Nilikuwa na amani kubwa sana. Na wahenga walishasema kimya kingi kina mshindo mkuu, ila nani anakumbuka wahenga akiwa na amani?

Kiangazi kilipokaza, ile huduma ya kutuma ujumbe ilibadilisha nywila yake. Skripti yangu ikawa inaamka jioni, inabisha mlango uliofungwa, inarudi kulala. Mabomani hakuna aliyepata ujumbe, kwa hivyo kila boma likaamua zamu ni yake. Baba yako alipigiwa simu tukiwa kanisani. Tulipofika kisimani tulikuta ng'ombe wa kila upande wamebanana kwenye birika moja, wanaume wakirushiana maneno kwa Kimaasai ambacho sikuhitaji kutafsiriwa, na ndama wa jirani wa Babu amelala pembeni, amekanyagwa. Alikufa kabla ya saa sita. Mwenyewe alikuja kunisalimia kwa heshima, akaniuliza kama watoto ni wazima, na hakuna kitu kilichonichoma siku ile kama salamu hiyo.

Nikasema sirudi Kitengela mpaka niipate shida. Tukakaa kwa Babu, mimi na laptop yangu juu ya kiti cha plastiki, wewe na wanambuzi. Nilikuwa na hasira na kila mtu, hata na kuku.

Jioni baba yako mdogo Parsaloi akarudi na ng'ombe. Wakaingia zizini, Babu akiwaangalia mmoja mmoja kwa jicho lile lake. Wote wapo. Mimi nikadhani kazi imeisha, sasa watu wale chakula. Kumbe. Parsaloi akasimama mbele ya baba yake, akaegemea fimbo, akaanza kutoa habari. Nimetoka hapa na jua likiwa kule. Nimepita upande wa korongo. Nimekuta majani yameisha. Nimekutana na mtoto wa fulani, ameniambia mama yake anaumwa. Yule ng'ombe wa madoa amesita kidogo mlimani, nikamwangalia mguu, hauna kitu. Nimeona alama ya fisi, si ya leo. Na kila akitua, Babu anajibu, "Ee." Hasemi lingine. "Ee." Chai yangu ikapoa, sufuria ikapoa, na Parsaloi bado yuko korongoni.

Unajua sisi wa kwetu Murang'a tunasalimiana huku tunatembea. Nikamnong'oneza baba yako, "Si wote wamerudi? Mbona anamuuliza habari za majani?"

Baba yako akanijibu kwa sauti ile yake ya kuuza dawa za mifugo, kama mtu anayemweleza mteja kipimo. "Wakirudi wote ndio anasikiliza vizuri. Sasa wewe unataka angoje ng'ombe apotee ndio aulize walipitia wapi?"

Nikaangalia laptop. Mimi nilikuwa nimeiambia programu yangu, bila kujua, kwamba habari za siku njema sizitaki. Siku mbaya ilipofika sikuwa na pa kuanzia. Sikujua ni jioni gani ilikuwa njema mara ya mwisho.

Halafu ikafika zamu yako. Labda huikumbuki. Mimi ndio inayonifanya niandike barua yote hii. Babu alikuita, ukaja mbio, ukainamisha kichwa akakigusa, akakuambia, "Leta habari." Ukashika kijiti chako kama Parsaloi alivyoshika fimbo. Wewe, mtoto ambaye nyumbani nilikuwa nakufungua mdomo kwa kijiko! Ukaanza.

"Nimelala. Nimeamka. Nimekunywa maziwa."

"Ee."

"Nimeona kinyonga. Amekataa kutembea."

"Ee."

"Mbuzi mweupe amekula karatasi ya Mum."

"Ee."

"Nimeanguka pale kwa mawe. Sikulia." Ukafikiri kidogo. "Nimelia kidogo."

"Ee," Babu akasema, kwa uzito ule ule aliompa Parsaloi kwa alama ya fisi.

Ukaendelea mpaka jua likazama kabisa. Nilikuwa sijawahi kukusikia ukiongea vile, na ilibidi nigeuke niangalie zizi ili usinione uso.

Skripti niliitengeneza kesho yake. Niliiwekea sikio mwanzoni kabisa, kabla ya kuitwa kitu kingine chochote, nikaiambia iandike kila kitu kuanzia cha kawaida, pamoja na saa na jina lake. Na nilikosea tena, ujue, maana kazi hii haikufundishi mara moja. Kwanza niliweka sikio nikiwa nimechelewa: nilikuwa nimeshaiacha programu iseme neno moja kabla yake, na likishatamkwa neno la kwanza, mpango wa kawaida unajiweka, na agizo lako la baadaye halisikilizwi wala huambiwi kwamba halijasikilizwa. Baadaye nikaliweka mara mbili, kila habari ikawa inaandikwa mara mbili kama shangazi yako akisimulia harusi. Na mwisho nikakaa siku nzima nikitafuta faili la logi nikiamini halikuandikwa. Liliandikwa. Sikuwa nimetaja njia yake kamili, na skripti ikiamshwa na seva haiamkii pale unapoiandikia wewe. Maneno yote yalikuwepo, yamepangwa vizuri na saa zake, kwenye folda ambayo sikuwahi kufikiria kuifungua. Likumbuke hilo kosa, nitalirudia.

Ungedhani mtu aliyeona yale Bisil angerudi nyumbani kwake amejifunza. Nilijifunza kwa kompyuta tu. Tulipohamia kwenye ploti yetu hii nikaanza kufanyia kazi nyumbani, chumba kile chenye mlango unaokwaruza, na unaijua sheria iliyokuwa mlangoni. Hata ungeulizwa usingizini ungeisema. "Kama hakuna damu wala moshi, usiniite." Nilikuwa naisema kwa kicheko, na wageni wakicheka. Ulikuwa unakuja na habari zako za shule, nani amehama dawati, mwalimu amevaa viatu viwili tofauti, na mimi ninasema bila kutoa macho kwenye skrini, "Lema, kuna damu?" Unasema hapana. "Kuna moshi?" Hapana. "Haya." Mlango unakwaruza, umeenda.

Nilikuwa nimeipandisha level ya nyumba yangu mwenyewe mpaka juu. Ni kosa kubwa tu lilikuwa na ruhusa ya kupita. Na wewe ni mtoto msikivu, ulitii. Wamama kanisani wakinisifu, "Lema wako hasumbui kabisa," nami navimba kichwa.

Ndipo ukaenda chuo, na ule mwaka wa pili ukaja. Sitausimulia, ni wako. Nitasema tu upande wangu. Kila Jumapili nilipiga simu, nikauliza, "Uko aje?" Ukasema, "Niko sawa." Nikauliza, "Masomo?" Ukasema, "Sawa tu." Nikakata simu nikamwambia baba yako mtoto yuko sawa. Sikuona damu, sikuona moshi.

Babu alikuwa amekuja kukaa kwetu ili aangaliwe macho. Jioni moja nilikuwa jikoni naosha vyombo, yeye sebuleni, na simu yake ikalia. Masikio yalikuwa yameshaanza kumwacha, kwa hivyo alikuwa akiongea kwa spika, nyumba nzima isikie. Nikasikia sauti yako.

"Nimelala hostel. Nimeamka na nikarudi kulala. Sijaenda class."

"Ee."

"Nimekula mkate. Sijaongea na mtu leo."

"Ee."

"Jana pia sikuenda. Hiyo wiki nyingine pia. Nafikiri watanifukuza, Babu."

"Ee."

Hukuwa umenyamaza, mwanangu. Ulikuwa umeandika kila kitu, siku kwa siku. Ni mimi tu nilikuwa naangalia folda nyingine.

Na unajua nilichofanya, maana ulikuwa upande wa pili wa simu. Nilitoka jikoni na mikono ya sabuni nikanyakua simu kwenye mkono wa mzee, mkwe wangu, jambo ambalo mwanamke wa boma lile hawezi kulifanya hata akiwa amelewa, nikapiga kelele. "Lemayian! Unasema nini? Hujaenda class tangu lini? Na mimi unaniambia uko sawa?" Nikasikia tu feni ya hostel ikizunguka. Kisha simu ikakatika, na kwa muda mrefu baada ya hapo hukumpigia hata Babu.

Nilimrudishia simu ikiwa imelowa. Aliifuta kwa shuka lake taratibu. Hakunikasirikia, ingawa ningependa angenikasirikia. Alisema, "Mama Lema, habari haikatwi. Ukimkata, anaenda nayo."

Baba yako ndiye aliyekuja kukuchukua, na Babu ndiye aliyesema usiletwe Kitengela kwanza, upelekwe Bisil ukachunge na Parsaloi mpaka akili itulie. Niliona ni wazimu, mtoto wa kompyuta kuchunga. Nikasema hivyo pia, kwa sauti, kama kawaida yangu. Lakini nilikuwa nikija Jumamosi na unga na sukari, nikakuona jioni umesimama mbele ya Babu, mrefu kuliko yeye, umeegemea fimbo, ukimwambia majani yako wapi. Nilikaa mbali kwenye gari na dirisha nimelifunga ili nisije nikatia mdomo. Nilikuwa naona midomo yenu tu. Yako inaenda, inaenda. Yake inafunguka kidogo, inafunga. Ee. Ee.

Ulirudi chuo mwenyewe, hakuna aliyekuambia. Ukamaliza. Na Babu akangoja umalize, akaiona ile sherehe ya kofia na joho kwa yale macho yaliyobaki, akauliza kwa nini watu wazima wamevaa mashuka meusi, na mvua za mwisho zilipokatika tukamzika. Wewe ndiye uliyesimama kaburini kwa muda mrefu baada ya watu kwenda kula. Nilikuona unaongea. Sikusogea karibu, na hilo, kwa mtu mwenye mdomo kama wangu, lihesabu kama zawadi.

Kwa hivyo Alhamisi uliposema ni kimya tu, mkono wangu ulisimama kwenye mwiko. Kesho unatoka nje ya mfumo. Hapa ndani, hata ukinyamaza, nyumba inakusemea. Najua ukikosa usingizi kwa sababu ile bawaba ya choo inalia. Najua ukiwa na huzuni kwa sababu unakula chumvi nyingi. Baba yako anajua ukiwa na furaha kwa sababu unamtania kuhusu timu yake. Huko Magadi utakuwa na chumba cha kampuni na jirani mgeni, bawaba zimepakwa mafuta, na hakuna aliyekuwekea sikio. Na yule uliyekuwa ukimpigia jioni hayuko.

Hicho ndicho ninachokiogopa. Siogopi joto, siogopi kazi, kazi unaiweza. Ninaogopa uanguke kwa mawe huko, useme umeanguka, na neno likose pa kwenda. Na mficha maradhi kilio humuumbua, lakini mimi sitaki kuumbuliwa na kilio. Nataka kusikia kabla.

Ninaomba nafasi ya Babu. Siiombi kwa haki ya umama. Haki hiyo niliitumia vibaya siku ya simu. Naiomba kama mtu anayeomba kazi, na najua sina barua nzuri ya mapendekezo. Ukiona haifai, mpe Parsaloi, mpe rafiki yako yule wa Matasia anayeendesha boda na kusoma Biblia, mpe yeyote, lakini weka sikio mapema, siku ya kwanza, mambo yakiwa bado mazuri. Ukingoja mpaka yawe mabaya utakuwa umechelewa kama mimi na sikio la skripti. Na ukimpa mtu mwingine sitauliza ni nani. Nitataka kuuliza, lakini sitauliza.

Ukinipa mimi, nitasema "Ee." Nimekuwa nikifanya mazoezi. Jioni zote za wiki hii, ukiwa kwa mabeshte wako unaaga, baba yako amekuwa akikaa pale kwenye kiti cha Babu akinipa habari, na mimi najibu. Juzi amenieleza kwamba aliazima wilbaro yangu kwa watu wa mjengo pale kona, na imerudi haina gurudumu. Nikasema, "Ee." Muulize kama ni uongo. Alisema alimuona Babu usoni mwangu, halafu akakimbilia nje kabla sijabadilisha mawazo.

Sasa nasikia pick-up kwa mbali, au ni ya Mama Njeri. Unga bado haujakandwa na mtanikuta hivi. Kwa desturi anayefika ndiye hutoa habari kwanza, lakini mimi ndiye mwenye deni la kuongea vizuri na wewe, kwa hivyo wacha nianze.

Nimelala nyumbani. Nimeamka kabla ya jogoo. Nimekunywa chai, nikaitia sukari, nikasahau, nikaitia tena, nikainywa hivyo hivyo. Upepo unatoka upande wa Athi na una vumbi. Kuku wako wote wako. Nimepiga pasi shati lako la bluu, nikalikunja, nikalikunjua, nikalipiga pasi tena. Nimepita mbele ya chumba chako, nikaingia, nikakaa kitandani. Nimekuta ile kamba uliyokuwa ukitundikia gambuti zako za zamani bado imefungwa kwenye dirisha. Sikulia.

Nimelia kidogo.

Hizo ndizo habari zangu. Leta zako.

Mama